Malezi ya mchana kwa watoto wadogo Arusha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tumeyakusanya kwa wazazi, walezi na viongozi wa mitaa ya Arusha, kuanzia Unga Limited na Sombetini hadi Muriet na Moshono. Mengine yameulizwa kwenye vikao vya mtaa, mengine kliniki kwenye foleni ya mizani, na machache yametufikia usiku kwa ujumbe wa sauti, mtu anaongea huku analia. Msimamo wetu tuutangulize. Mji huu hauna uhaba wa vibao vya vituo vyenye picha za katuni. Uhaba upo kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili, na kwa zile saa ambazo mzazi yuko kazini kweli. Vituo vingi vinafunga mchana. Soko la Kilombero halifungi mchana.

Kituo cha kulelea watoto mchana kina tofauti gani na darasa la awali?

Darasa la awali ni la mtoto anayekaribia kuanza la kwanza. Lipo ndani ya shule za msingi, linasimamiwa na idara ya elimu, na kwenye shule za serikali halina ada tangu Januari 2016. Kituo cha kulelea watoto mchana, ambacho wengi tunakiita deikea au chekechea, ni cha wadogo zaidi na kipo chini ya ustawi wa jamii.

Tofauti hii ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Kazi ya kituo ni kulea: mtoto ale, anawe, acheze, alale, aongeleshwe, abembelezwe akianguka. Ukikuta mtoto wa miaka mitatu ana mtihani wa mwisho wa muhula na daftari la kazi za nyumbani, hicho kituo kimekwisha geuka shule isiyo na sifa za shule. Wazazi tunachangia, maana ndio tunaouliza "mbona hajajua kusoma?" wakati mtoto mwenyewe bado hajui kuvua viatu.

Nimejifungua, mtoto ana miezi mitatu, likizo imeisha. Nimpeleke wapi?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 hazifiki hata miezi mitatu, na wataalamu wa afya wanataka mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita. Hapo katikati kila mama anajitegemea. Na anayeuza nyanya soko la Samunge hana hata hizo 84; wiki ya sita yuko kwenye meza yake, mtoto kwenye boksi chini ya turubai.

Kama umeajiriwa, sheria hiyohiyo inakupa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya kunyonyesha. Wengi hawaijui, na baadhi ya waajiri hawana haraka ya kuwajulisha. Ukiitumia, hesabu yako ya mahali inabadilika: tafuta mlezi aliye karibu na kazini, si karibu na nyumbani. Mama anayefanya kazi Njiro na kumwacha mtoto Muriet hawezi kwenda kunyonyesha na kurudi ndani ya saa mbili, foleni ikikaa vibaya.

Kwa saa ambazo huwezi kwenda, kamua. Maziwa yaliyokamuliwa kwa mikono safi na kufunikwa vizuri hukaa salama kama saa nne kwenye joto la kawaida la chumba, na zaidi kwenye friji. Mwambie mlezi amnyweshe kwa kikombe kidogo kisafi. Chuchu ya chupa ni ngumu kuisafisha, hasa pale ambapo maji yanakuja kwa ndoo. Na chagua mlezi mwenye watoto wachache, hata kama nyumba yake haina rangi ukutani. Mtoto wa miezi minne hajali rangi.

Kuna mama mtaani kwetu anakaa na watoto nyumbani kwake. Je, anaruhusiwa? Je, ni salama?

Tuanze na sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kila mahali panapolelewa watoto mchana pasajiliwe, na mama huyo mara nyingi hajasajiliwa. Anajua au hajui, hali ni hiyo.

Lakini tuseme ukweli: mama huyo ndiye anayeushikilia mji. Ndiye anayempokea mtoto saa kumi na moja na nusu alfajiri ili mama mtu awahi kusomba ndizi, ndiye anayekubali kulipwa kwa siku, ndiye anayempa mtoto uji hata siku hela haijaja. Mkimfungia leo, kesho asubuhi wale watoto hawatahamia kituo cha kisasa. Watafungiwa ndani na kaka yao wa miaka saba.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa wenyeviti wa mitaa umekuwa uleule: msianze na kufuli. Nendeni mkakae naye. Chumba cha kawaida cha aina hii tunakijua wote. Godoro moja limeegemezwa ukutani, mkeka, ndoo ya maji yenye mfuniko, beseni la kuoshea, sufuria ya uji, na jiko la mkaa limewekwa mlangoni kwa sababu nje kunanyesha. Hapo penye jiko ndipo pa kuanzia. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mwezi wa sita na wa saba, Arusha inapokuwa baridi kweli, kishawishi cha kuliingiza ndani na kufunga dirisha ni kikubwa. Jiko likae nje, chini ya paa dogo, na uzio wa mbao mbele yake. Hilo ni jambo la fundi mmoja na nusu siku.

Baada ya jiko, fuata ndoo. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji ya kimo cha kiganja tu. Kisha dawa na mafuta ya taa: viwekwe juu, visitiwe kwenye chupa ya soda. Kisha daftari: jina la mtoto, simu za watu wawili, nani anaruhusiwa kumchukua. Hapo ndipo mzungumzie usajili, akiwa tayari anawaamini.

Nairobi wenzetu wamelipeleka mbali jambo hili. Shirika liitwalo Kidogo linafanya kazi na akina mama ambao tayari wana vituo vidogo mitaani, linawafundisha malezi na biashara, kisha linawafuatilia wakiwa palepale walipo. Sisi tunaona hiyo ndiyo njia inayoufaa mji wetu.

Kituo kizuri nitakijuaje?

Usiende siku waliyokuambia uje. Nenda saa nne asubuhi au saa nane mchana, bila taarifa, ukajifanye unauliza ada. Kituo kinachokataa mzazi kuingia ndani saa za kazi, achana nacho. Hakuna haja ya kuuliza swali la pili.

Ukiingia, chuchumaa. Kimo cha mtoto kinaonyesha mambo ambayo mtu mzima aliyesimama hayaoni: soketi ya umeme, msumari kwenye benchi, bati lililokatwa vibaya. Kisha sikiliza. Kelele za watoto ni nzuri. Kimya cha watoto ishirini kina maelezo mawili tu, usingizi au woga. Na ukikuta watoto wa rika zote wamelala fofofo saa nne asubuhi, uliza wamepewa nini. Dawa ya mafua yenye kuleta usingizi inauzwa kila duka la dawa kwa bei ndogo, na si ajabu mlezi aliyezidiwa akaikumbuka.

Angalia choo na mahali pa kunawa kabla ya kuangalia vitu vya kuchezea. Angalia kama mlezi anawajua watoto kwa majina. Mwulize, "Huyu anapenda nini?" Anayelea atakujibu papo hapo: huyu hali yai, huyu hawezi kulala bila khanga ya mama yake.

Mlezi mmoja awe na watoto wangapi?

Kwa darasa la awali, kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Kwa wachanga hilo haliwezekani kabisa. Uingereza, kwa kulinganisha tu, wanaruhusu watoto watatu kwa mlezi mmoja walio chini ya miaka miwili, na watano kwa wa miaka miwili. Sisi kwetu tunauliza swali la moto: nyumba ikishika moto sasa hivi, mlezi anaweza kuwatoa wote nje kwa mara moja? Wachanga wawili mikononi, mmoja mgongoni. Wa nne anabaki na nani?

Makaratasi gani kituo kinatakiwa kuwa nayo?

Cheti cha usajili, na kiwe kimebandikwa panapoonekana. Ukikitilia shaka, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri ukaulize. Kazi yake ni pamoja na kukagua. Leseni ya biashara peke yake si usajili wa kituo, ingawa kuna wanaoitundika ukutani kwa fremu nzuri ya dhahabu.

Mlezi anamchapa mwanangu "kidogo tu". Nimwache aendelee?

Hapana. Kuna watu wazima watakuambia mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwamba sisi wote tulichapwa. Sheria ya Mtoto imelijibu hili bila kuzunguka: adhabu yoyote isiyolingana na umri wa mtoto na hali yake ya mwili na akili haikubaliki, na wala haikubaliki kama mtoto, kwa udogo wake, hawezi kuelewa anaadhibiwa kwa nini. Mtoto wa miaka miwili aliyejikojolea haelewi kwa nini anachapwa. Anachoelewa ni kwamba mtu huyu anaumiza.

Zungumza na mlezi kwanza, uso kwa uso, bila kumdhalilisha mbele ya wengine. Wengi wanachapa kwa kuzidiwa na idadi, na hawajawahi kuonyeshwa njia nyingine. Ikiendelea, mwondoe mtoto.

Na nikiona alama, au nikihisi ukatili mkubwa zaidi?

Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Usikae kikao cha kusuluhisha na mtuhumiwa. Kutoa taarifa ni wajibu wa kila mwanajamii kisheria, siyo wa mzazi peke yake, kwa hiyo jirani naye asiseme "si wangu".

Kwa nini mnasisitiza sana maji? Si wanachemsha?

Kwa sababu hapa ni Arusha. Maji mengi ya kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floridi kupita kiasi, na ndiyo yanayotupa yale meno ya kahawia ambayo watu wa mikoa mingine hututambua kwayo tukicheka. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vipo visima na chemchemi za huku vinavyokipita mara kadhaa.

Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floridi haiendi popote. Tena maji yakipungua kwa mvuke, inayobaki inazidi kukolea. Na uharibifu unafanyika utotoni, meno ya ukubwani yanapotengenezwa ndani ya taya kabla hayajachomoza. Mtu mzima aliyehamia Arusha na meno meupe atabaki nayo. Mtoto aliyelelewa kituoni kuanzia mwaka mmoja kwa maji ya kisima kibaya atakuja kuyaona matokeo akiwa darasa la pili. Kiwango kikiwa kikubwa sana kwa muda mrefu, hata mifupa hupinda.

Kwa hiyo uliza kituo: maji ya kunywa na ya kupikia uji yanatoka wapi? Kama ni kisima, yamepimwa? Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri kwenye tenki safi yana floridi kidogo sana, na yakichemshwa yanafaa. Kuna pia vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyopunguza floridi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimevifanyia kazi kwa miaka mingi. Jambo jingine ambalo wapishi hulisahau ni magadi. Yale tunayotia kwenye makande na maharage ili yaive haraka mara nyingi yana floridi yake nyingi. Loweka maharage usiku, magadi yaache.

Uji wa lishe wa mchanganyiko wa nafaka saba unafaa?

Unauzwa sana na una sifa kubwa, lakini sisi hatuupendi. Unga wenye mahindi, karanga, soya, mchele na mengine yote kwa pamoja ni mgumu kuuhifadhi, kila kimoja kinahitaji muda wake wa kuiva, na karanga au mahindi yaliyopata unyevu huwa na sumukuvu. Sumukuvu haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na Manyara ni jirani zetu hawa.

Uji wa unga mmoja safi, uliotiwa maziwa, na tunda pembeni, unatosha. Mtori wenye nyama iliyosagwa ni chakula cha mtoto hasa, na ndizi hazijatupungukia. Uji uwe mzito. Uji mwepesi kama chai unajaza tumbo kwa nusu saa, kisha mtoto analia na mlezi anasema ana deko.

Kwa nini ada ni kubwa hivyo kwa kukaa na mtoto tu?

Tufanye hesabu, kwa namba za mfano. Watoto 12, kila mmoja shilingi 40,000 kwa mwezi: 480,000. Kodi ya vyumba 100,000. Uji na chakula cha mchana kwa shilingi 500 kwa mtoto, siku 22: 132,000. Maji, sabuni, gesi na umeme 50,000. Inabaki 198,000. Walezi ni wawili, kila mmoja anapata 99,000 kwa mwezi wa kuanzia alfajiri hadi jioni, na hapo hakuna mzazi aliyechelewa kulipa, hakuna bati lililovuja, na mwenye kituo hajala kitu.

Ukiiona hesabu hiyo unaelewa kwa nini walezi hawadumu. Akipata kazi hotelini anaondoka wiki hiyohiyo, na mtoto wako anaanza upya kuzoea sura nyingine. Ada ya chini mno tunaihesabu kama dalili mbaya: kuna mahali imefidiwa, na mara nyingi ni kwenye idadi ya watoto au kwenye sufuria.

Kwa hiyo ada ya mzazi wa kipato cha chini haiwezi kubeba malezi bora peke yake, hata wazazi wawe waaminifu namna gani. Lazima kuwe na mkono mwingine unaolipia kitu fulani: jengo, mshahara wa mlezi mmoja, au chakula. Na namna ya kulipa iendane na kipato. Mama wa Tengeru anashika hela Jumatano na Jumamosi, siku za gulio. Ukimdai ya mwezi mzima tarehe moja unamfukuza, ila ukichukua kidogo kila gulio analipa bila shida.

Mtaa wetu unataka kuanzisha kituo. Tuanze na nini?

Msianze na ujenzi. Tumeona majengo mazuri ya wafadhili yamegeuka stoo ya viti vya harusi.

Anzeni kwa kupita nyumba kwa nyumba na balozi, mkaandike watoto wangapi, wa umri gani, na mzazi anatoka saa ngapi na kurudi saa ngapi. Orodha hiyo mara nyingi huwashangaza viongozi wenyewe, kwa sababu saa zinazotakiwa ni za alfajiri na jioni, na watoto wengi ni wa chini ya miaka miwili. Kisha tafuteni majengo yanayolala bure. Vyumba vya shule ya Jumapili, madarasa ya madrasa asubuhi, ukumbi wa ofisi ya mtaa: vinakaa vimefungwa siku tano za wiki. Kaeni na wazee wa kanisa au wa msikiti mapema, mwandikiane nani analipa maji na nani anafagia, kwa sababu ugomvi wa ufagio umevunja vituo vingi kuliko ukosefu wa fedha.

Mlezi mtafuteni mtaani. Mama aliyelea wake wakakua, mwenye subira, anayekubali kufundishwa, anafaa kuliko binti mwenye cheti anayesubiri ajira nyingine. Lakini naye apelekwe kusoma. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ina kampasi yake Kisangara, wilayani Mwanga, ambako walezi wa watoto wamekuwa wakifundishwa, na hapo si mbali. Ukipanda basi asubuhi unafika mchana.

Afisa ustawi wa jamii mshirikisheni kabla ya kufungua. Akija kukagua jengo ambalo mmeshalipaka rangi na kugundua choo ni cha watu wazima, mtabomoa.

Je, mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri inaweza kutusaidia?

Kikundi cha akina mama kilichosajiliwa kinaweza kuomba. Hiyo kumi ni ya mapato ya ndani ya halmashauri, na mgao ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Tahadhari yetu ni moja. Mkopo hauna riba lakini una marejesho, na rudieni kuangalia ile hesabu ya watoto 12: marejesho yatatoka wapi? Kopeni kwa ajili ya shughuli ya pembeni inayoingiza haraka, kufuga kuku wa mayai kwa mfano, ambao mayai yao pia yanaingia kwenye uji wa watoto. Msikope kulipa mishahara.

Waajiri wana nafasi gani?

Kubwa kuliko wanavyokubali. Arusha inaishi kwa mikono ya akina mama: mashamba ya maua, wachumaji wa kahawa, viwanda, hoteli, usafi wa maofisi. Msimu wa kahawa mama anabebwa na lori alfajiri. Mwajiri anayetenga chumba kimoja na kuwalipa walezi wawili atabaki na wafanyakazi wake, na atapunguza zile simu za "mtoto anaumwa, leo siji".

Hili limepimwa. Korogocho, Nairobi, watafiti waliwalipia baadhi ya akina mama ada ya vituo vya watoto, wengine hawakulipiwa. Waliolipiwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kazi, kwa pointi 8.5 za asilimia juu ya wenzao. Hawakupewa mtaji wala semina ya ujasiriamali, ni mahali pa kumwacha mtoto tu.

Si afadhali dada wa kazi?

Kwa wengine ndiyo, hasa mtoto akiwa mchanga na mama akiwa na zamu za usiku. Lakini dada huyo naye ni mtoto wa mtu. Umri wa chini kabisa wa kuajiriwa kisheria ni miaka 14, na hapo ni kazi nyepesi tu. Binti wa miaka 12 aliyeletwa kutoka kijijini hawezi kuwa mlezi. Hapo una watoto wawili wanaohitaji kulelewa, mmoja wao anaosha vyombo.

Mtoto wangu ana mtindio wa ubongo. Vituo vinanikatalia.

Vinakosea. Sheria ya Mtoto inakataza ubaguzi, na ulemavu umetajwa humo. Lakini tunajua kushinda kwa sheria hakukupi mlezi mwenye moyo, kwa hiyo tunapendekeza njia ya polepole: omba ukae naye kituoni asubuhi mbili tatu, umwonyeshe mlezi namna ya kumkalisha, kumlisha bila kupaliwa, na kumgeuza. Woga wa walezi wengi unatokana na kutojua, wanahofia atawafia mikononi. Wakishaona mama anavyofanya, wapo wanaobadilika siku hiyohiyo. Kituo kinachokubali kitahitaji mlezi wa ziada, na hapo ndipo mtaa na halmashauri wachangie, mzigo usiachiwe familia moja.

Bodaboda moja kubeba watoto wanne kwenda kituoni, mnasemaje?

Hapana.

Baba anaingia wapi?

Kwenye kumpeleka, kumchukua, kuhudhuria kikao, na kulipa bila kukumbushwa. Tunasema hivi kwa sababu kwenye vikao vya wazazi kati ya viti thelathini wanaume huwa wawili, na mmoja ni mwenyekiti wa mtaa.

Serikali ina mpango wowote?

Ipo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26. Inamhusu mtoto tangu kutungwa mimba hadi miaka minane na inashika mambo matano kwa pamoja: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Tunaipenda kwa sababu inazilazimisha idara kukaa meza moja. Uzito wake unaonekana kwenye bajeti ya kata, kwa hiyo mkienda kikao cha maendeleo ya kata ulizeni kwa jina lake: fungu la programu hii mwaka huu ni kiasi gani, na limefanya nini?

Wala jambo lenyewe si geni. Enzi za ujamaa Umoja wa Wanawake wa Tanzania (UWT) uliendesha vituo vya watoto vijijini ili akina mama waende shambani, na sheria mahsusi ya vituo vya kulelea watoto mchana ilitungwa mwaka 1981.

Desemba kituo kinafungwa, na mimi nafanya kazi hotelini. Nifanyeje?

Mlezi naye anataka kwenda kula Krismasi kwao Rombo, na ana haki. Ongeeni mwezi wa kumi, siyo tarehe kumi na tano Desemba. Wazazi wenye zamu wajiandikishe, mlezi mmoja abaki kwa malipo ya ziada na alipwe kabla, watoto wote wa zamu wakusanywe sehemu moja hata kama ni nyumbani kwa mzazi mmojawapo. Na mlezi anayebaki apewe likizo yake Januari, kwa tarehe iliyoandikwa kwenye daftari, maana za kuahidiwa kwa mdomo huwa hazifiki.